Maji ya Tablo

Tablo ilikataa kuingia mlangoni.

Seremala Kadiri aliipima kwa shubiri, akaigeuza, akailaza ubavu, akaisimamisha tena, na kila mara pembe moja ikabaki nje. Wanaume wanne walioibeba kutoka karakana yake walikuwa wanatota jasho, na watoto wa mtaa wa Waswahili walikuwa wamejaa barabarani kuangalia. Hapo Gisenyi mambo ya kuchekesha hayakosi watazamaji, hata iwe Jumatatu asubuhi.

"Kadiri," akasema Nyirasafari, mke wa mwalimu, "ulipima tablo, ama ulipima mulango?"

"Mama Nyiraneza, mi nilipima vyote mbili. Mulango ndiyo umepungua."

"Umepungua?"

"Mvua, mama. Tofali inakunywa maji, inavimba, mulango inabaki mudogo. Kila fundi anajua."

Mwishowe walibomoa matofali matatu pembeni mwa mlango, na tablo ikaingia ndani ya stoo ya ngozi ya Mzee Muhamadi, ambayo tangu wiki iliyopita ilikuwa inaitwa shule. Harufu ya ngozi ilikuwa bado haijaambiwa. Waliisimamisha ukutani, ubao wa chaki mrefu kumzidi mtu, mweusi tii, na kila mmoja akarudi nyuma hatua mbili kuitazama.

Nyirasafari ndiye alisogea mbele. Aliinusa.

"Ni rangi ya kweli hii?"

"Rangi ya mukebe! Imetoka Bukavu na mashua."

"Mbona hainuke?"

"Ile ya kisasa hainuke," akasema Kadiri, na akaanza kukusanya misumari yake haraka haraka.

Nyirasafari akakumbuka kwamba wiki nzima iliyopita huyu Kadiri alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na kisu, anajitolea kukwangua masizi kwenye masufuria ya watu, bure, eti anatafuta thawabu. Masufuria yake mwenyewe hayajawahi kung'aa vile tangu aolewe. Alikuwa amemwombea dua. Sasa akafungua mdomo aulize, akaufunga. Siku zilikuwa zimebaki tatu, na tablo nyingine hakuna.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Bwana Inspekta angekuja. Miaka yote watoto wa mtaa huo hawakuwa na pa kusoma isipokuwa barazani kwa mumewe, Mwalimu Faradji, ambako walisoma Kurani. Shule za misioni zilikuwapo, nzuri, zenye madirisha, lakini mtoto wa Kiislamu akiingia kule anatoka na jina lingine. Wazee walikuwa wameomba mpaka wakachoka, na ndipo serikali ikakubali: shule ndogo, haina dini, watoto wasome kuandika na hesabu. Sharti lilikuwa moja. Mwalimu aonekane kwa macho kwamba anaweza kufundisha na vifaa vya kisasa. Faradji alikuwa amepelekwa mafunzo ya wiki tatu. Akishinda Alhamisi, shule inafunguliwa. Akishindwa, karatasi inarudi kwenye droo ilikotoka.

---

Jumanne Faradji alirudi kutoka mafunzoni jua likiwa bado juu, akakaa barazani akavua viatu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini aliyefundisha miaka kumi na minane akiwa amekaa kwenye mkeka. Huko mafunzoni walikuwa wanamsimamisha toka asubuhi mpaka adhuhuri na kijiti mkononi.

"Wamewafundisha nini leo?" akauliza Nyirasafari, akimwekea maji ya miguu.

"Leo ilikuwa safari ya vifaa."

"Vifaa vinasafiri?"

"Yule kijana Sebahire, anayetufundisha, alichora mustari murefu. Akasema, zamani mutu alifundisha na kidole kwenye muchanga. Halafu kikaja kibao cha jiwe, kila mutoto na chake. Halafu tablo, moja kwa wote. Halafu picha za ukutani. Halafu lanterne, ni taa inatupa picha kwa ukuta. Mwisho sinema. Anasema kule Ulaya mwalimu anaweza kuingia ndani ya redio, watoto wakasikiliza sanduku."

"Na we utakuwa wapi, yeye akiwa ndani ya sanduku?"

"Hiyo sikuuliza. Niliuliza ingine." Faradji aliingiza mguu mmoja majini, akafumba macho kidogo. "Niliuliza, na ubao wetu, huu wa wino, uko wapi kwenye ule mustari?"

Nyirasafari alitazama mbao zilizoegemezwa ukutani, thelathini na mbili, kila moja na kishikio chake, nyingine zimekuwa laini kama sabuni kwa kuoshwa. Yeye ndiye aliyekuwa anatengeneza wino wake, masizi na utomvu, na yeye ndiye aliyekuwa anaziosha kila Alhamisi. Maji yake hayamwagwi hovyo, kwa sababu yamebeba maneno ya Mungu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kishimo kilichozungushiwa mawe, hapo ndipo yalipomwagwa, na hakuna mguu uliopita juu yake, hata kuku walikuwa wamekwisha kujifunza.

"Akakujibu nini?"

"Akatazama karatasi yake ya orodha, mbele na nyuma. Akasema: haiko kwenye liste."

"Wakacheka?"

"Wale vijana wengine, ndiyo. Sebahire hakucheka. Alinionea huruma." Akatia mguu wa pili. "Heri angecheka."

Hapo sauti iliita kutoka barabarani. Alikuwa Eliezer, kaka yake Nyirasafari, mtu wa mashua kule Rubona, amebeba samaki wamepangwa kwenye kamba na ametabasamu mapema, kama anavyotabasamu mtu mwenye ombi. Eliezer alikuwa Mkristo, kama Nyirasafari alivyokuwa kabla ya kuolewa, na hawakuwahi kugombana kwa ajili hiyo. Aliwasalimu wote, akaita Nyiraneza, binti yao, atoke jikoni, akamshika mabega.

"Angalia vile amekuwa murefu! Shemeji, mi siko na maneno mingi. Shule kwetu inafunguka Jumatatu. Nilishaongea nabo, batu ba misioni. Batamupokea, atalala kwangu, bibi yangu atamulisha. Na sikukuu ya Noeli atabatizwa. Jina nilishapatia bo."

"Jina gani?" akauliza Nyirasafari.

"Languida."

Nyiraneza akatazama mama yake, akatazama mjomba. "Languida ni nani?"

"Ni we."

"Mi niko Nyiraneza."

"Nyumbani, ndiyo. Shuleni utakuwa Languida."

"Na nikiwa njiani?"

Eliezer akacheka, lakini hakuna mwingine aliyecheka naye. Akashusha sauti. "Shemeji, mi sikusukume. Lakini mutoto iko na miaka kumi. Mwaka kesho batamukatala, batasema ni mukubwa sana kuanza. Na akili iko nayo, we mwenyewe unajua. Atabaki hapa kufanya nini? Kuosha mbao?"

Nyirasafari alilisikia neno hilo likimpita mumewe na kumfikia yeye. Alingoja Faradji aseme hapana. Alimjua mtu wake. Alikuwa amekataa mara mbili, mwaka juzi na mwaka jana, na mara zote mbili alikataa kwa heshima na chai.

"Alhamisi ni kesho kutwa," akasema Faradji, akitazama miguu yake ndani ya maji. "Ikishindikana, uje Jumamosi umuchukue."

Hakumtazama mkewe aliposema vile. Nyirasafari alipokea samaki, akaenda jikoni, akawasugua chumvi mpaka wakaanza kuchanika.

---

Alhamisi stoo ilijaa kabla ya saa mbili. Watoto thelathini na wawili walikaa chini kwa mistari, wavulana huku, wasichana huku. Walikuwa wamekuja na mbao zao za chuo cha Kurani, kwa sababu hakuna aliyewaambia wasije nazo, na Sebahire alipoziona alishtuka kama ameona nyoka, akaamuru zote zirundikwe nje nyuma ya ukuta, mgeni asizione. Wanaume walijaa dirisha la mbele. Wanawake wakachukua la nyuma. Nyirasafari alikuwa amebanwa pembeni ya Mukashyaka, mke wa Kadiri, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema neno, na Mukashyaka kukaa bila kusema ilikuwa ni dalili ya ugonjwa ama ya siri.

"Unaumwa?" Nyirasafari akamuuliza.

"Niko sawa."

"Bwana yako iko wapi?"

"Amesema atasimama mbali. Anaona vizuri akiwa mbali."

Bwana Inspekta aliingia na soksi ndefu na daftari, akakaa kwenye kiti pekee. Faradji alikuwa mbele, amevaa koti la Mzee Muhamadi, kwa sababu walimwambia kanzu haifai. Mikono ya koti ilimfika kwenye vidole. Ili ashike chaki ilibidi kwanza akunje mkono mmoja, na ulipokunjwa ukateremka tena, na mtoto mmoja akacheka puani.

Somo lilikuwa ba, be, bi, bo, bu. Alikuwa amelirudia nyumbani mara ishirini mbele ya ukuta wa jikoni, na Nyirasafari angeweza kulifundisha mwenyewe.

Faradji aligeukia tablo. Akainua mkono. Na mkono ule, ambao kwa miaka kumi na minane haukuwahi kuanza somo bila kuomba ruhusa, haukwenda kushoto walikomfundisha. Ulikwenda juu kulia, na kabla hajajua unafanya nini ulikuwa umekwisha kuandika Bismillahi nzima, kwa Kiarabu, kubwa, nzuri, mkia wake umevutwa mpaka katikati. Watoto, wakiona hivyo, wakafanya kama kila asubuhi. Sauti thelathini na mbili zikaisoma pamoja, na bati za stoo zikaitikia.

Inspekta aliinua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Nini hii?" akauliza Inspekta.

Sebahire alikohoa. "Ni... mwanzo wa sala yabo, Bwana."

"Shule hii haina dini. Wazee wameandika sahihi." Hakuwa amekasirika. Alionyesha kwa kalamu tu. "Mwalimu, futa, tuendelee."

Faradji alishika kitambaa. Kilikuwa kipande cha gunia. Nyirasafari akamwona anatazama kitambaa, halafu chini, na papo hapo akaelewa kilichomkamata. Chaki si wino. Chaki ikifutwa inakuwa vumbi, na vumbi lingeshuka kwenye sakafu ya udongo, chini ya viatu vya mumewe na vya Inspekta na miguu thelathini na minne ya wavulana peke yao. Jina la Mungu, likanyagwe. Mafunzo ya wiki tatu hayakufika huko, kwa kuwa kule aliandika ba na be tu.

"Faradji," sauti ya Mzee Muhamadi ikatoka dirishani, chini chini. "Usithubutu."

"Mwalimu," akasema Inspekta, "nasema futa."

"Nafuta, Bwana. Ila vumbi."

"Vumbi gani?"

"Itaanguka chini."

"Ndiyo. Chaki yote inaanguka chini." Inspekta alimtazama Sebahire. "Wiki tatu, hajui kufuta tablo?" Akafungua daftari akaanza kuandika.

Nje dirishani mtu mmoja akasema kwa sauti, hakujificha, "Akipangusa na lile gunia, mi natoa mutoto wangu saa hii." Na mwingine, "Na mi wangu." Faradji alisimama katikati ya kalamu ile na sauti zile, mkono wa koti umemteremka ukameza gunia lote, akawa kama mtu asiye na mkono.

Nyirasafari hakuaga. Alijipenyeza, akakimbilia uani kwa Mzee Muhamadi, akakuta beseni la kunawia na ndoo imejaa, akavua kitambaa cha juu cha kichwani, kilikuwa safi, na akaingia darasani kupitia palepale walipobomoa matofali. Hakuna mwanamke aliyealikwa. Alipita mbele ya soksi za Inspekta, akapiga magoti chini ya tablo, akainua beseni kwa mikono miwili.

"Baba Nyiraneza," akasema, "osha."

Faradji aliloweka kitambaa. Akaosha kutoka juu kwenda chini, polepole, na hakuna kitu kilichoanguka sakafuni. Maneno yaliteremka na maji, meupe, yakaingia kwenye beseni. Dirishani watu wakapumua. Inspekta alinyanyua nyusi.

"Ah, bon," akamwambia Sebahire. "Usafi. Nzuri."

Nyirasafari alitaka kutabasamu. Ndipo maji yaliyokuwa yanateremka kwenye mikono yake yakawa kijivu. Halafu yakawa meusi. Alitazama juu. Palipopita kitambaa palikuwa pametokea mstari mwembamba wa mbao tupu, za kahawia, na mstari ulikuwa unapanuka wenyewe, na weusi wote wa Kadiri, masizi ya masufuria ya mtaa mzima, ulikuwa unashuka kama uji.

Kule dirishani Mukashyaka hatimaye akapata sauti. "Nilimuambia! Nilimuambia ile masizi bila utomvu haishike! Akasema inspekta hatalamba!"

Watoto waliangua kicheko, kisha wanaume, kisha Inspekta mwenyewe, mpaka akatoa leso. Nyirasafari alibaki amepiga magoti, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, beseni limejaa, na aliona wazi kabisa: mwanangu nimemuosha mi mwenyewe mpaka Rubona.

Faradji hakucheka. Alivua koti la Mzee Muhamadi, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye ukingo wa dirisha. Akakaa chini, mbele ya watoto, kama anavyokaa kila siku.

"Nyiraneza. Lete mbao."

Sebahire alinyoosha mkono kuzuia, lakini Nyiraneza alikuwa amekwisha kutoka. Aligawa mbao na kalamu za tete, mstari kwa mstari. Faradji akavuta beseni katikati. Maji yale yalikuwa masizi matupu, na wino ni nini zaidi ya hapo? Akachovya kalamu, akaandika ba kwenye ubao wa mtoto wa kwanza, kutoka kushoto safari hii, akampa, "Pitisha." Watoto walichovya kwa zamu. Kicheko kilikatika. Ikasikika sauti ya kalamu tu, thelathini na mbili zinakwaruza kwa pamoja, na Faradji akipita kati yao akitambaa kwa magoti, anashika mkono huu, anasahihisha ule.

Inspekta aliondoka kwenye kiti. Alitembea kati ya mistari, akachukua ubao wa Nyiraneza, akausoma, akamrudishia. "Andika bibi."

Akaandika.

"Andika baba."

Akaandika. Inspekta alitazama tablo iliyobaki uchi ukutani, akatazama watoto, akaandika kitu kirefu katika daftari, akafunga. Kwenye mlango alimpa Faradji mkono, na mkono wake mweupe ukabaki na wino. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

---

Jumamosi Eliezer alifika mapema. Furushi la Nyiraneza lilikuwa mlangoni, nguo mbili na sabuni ndani ya kanga ya mama yake, limefungwa fundo moja. Kando yake alikuwa amefungwa jogoo mmoja mwembamba, ambaye Kadiri alimtuma kwa aibu, kwa kuwa mwenyewe alikuwa bado anaona vizuri akiwa mbali.

Walikuwa wanamaliza chai Mzee Muhamadi alipoingia pamoja na Sebahire, na Sebahire alikuwa na bahasha. Alikataa kukaa. Alikuwa na miaka ishirini na saba hivi, suruali imepigwa pasi, na alikuwa anageuza kofia mikononi.

"Soma," akasema Faradji.

"Iko Kifaransa. Nitawaambia tu." Akasafisha koo. "Shule imekubaliwa. Inafunguka Jumatatu."

Nyirasafari alitazama furushi.

"Batoto wameonekana wako tayari. Ameandika wako tayari kuliko alivyotazamia. Donc, kwa hiyo..." Kofia ikageuka tena. "Lakini mwalimu, ameandika hajui kutumia vifaa. Kazi wamenipatia mi. Tablo ingine inakuja, ya kiwanda. Na we, Mwalimu, wameweka hapa, mulinzi wa vifaa. Kufagia, kuteka maji, kufuta tablo. Mi ndiye niliomba wasikuache nje kabisa. Naapa."

Jogoo alijaribu kamba yake.

"Wazazi walikutana jana," akasema Mzee Muhamadi, bila kumtazama Faradji. "Huyu kijana ni muzuri, lakini si wa dini yetu. Wanaogopa. Wamesema, Faradji asipokuwa pale, hakuna mutoto anaingia. Akiwa pale, hata na fagio, wote wanaingia."

"Hata na fagio," Faradji akarudia.

"Ndugu yangu, mi naona aibu kukuambia."

Nyirasafari hakuweza kuvumilia. "Ni mi niliosha ile tablo. Mi ndiye nilileta maji."

"Na kama haukuleta?" akauliza mumewe. "Ningesimama na lile gunia mpaka leo."

Eliezer alikuwa amekwisha kulishika furushi, halafu akaona haijaamuliwa, akaliweka tena chini. Nyiraneza alisimama katikati ya baba na mjomba, viatu mkononi, anangoja kuambiwa yeye ni nani.

Nyirasafari alijua mumewe anaona nini. Anaona asubuhi ya Jumatatu, watoto aliowafundisha alifu kwa mkono wake wanapita mlangoni, yeye amesimama na fagio, wanatafuta neno la kumwita. Anaona vijana wa mafunzoni wakisimuliana. Angeweza kusema hapana, na hapana ile ingekuwa na heshima yote, na mtaa mzima ungemwelewa.

"Mulinzi anakaa ndani ama nje?" akauliza Faradji.

"Nje, kwa mulango," akasema Sebahire.

"Na wakati wa kufuta tablo?"

"Anaingia."

"Anafuta na nini?"

Sebahire alimtazama, akaelewa nusu. "Na chochote unataka, Mwalimu."

Faradji aliinama, akafungua fundo la furushi. Lilikuwa limekazwa, likamchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alitoa nguo, akampa binti. Akatoa sabuni. Kanga akamrudishia mkewe, imekunjwa.

"Ayi we," Eliezer akasema mwishoni, akijikuna kichwa. "Na mi nitaambia bo nini? Jina lilishaandikwa."

"Waambie njiani ametubakia Nyiraneza," akasema Nyirasafari. Eliezer akaamua kucheka.

---

Jumatatu watoto wote thelathini na wawili waliingia, na wengine tisa ambao hakuna aliyewategemea. Nyirasafari alipita mbele ya stoo mara tatu na kapu ambalo halikuwa na kitu ndani. Mara ya tatu alisikia Sebahire anaita majina. "Nyiraneza." Na sauti ya binti yake, kubwa kuliko ilivyohitajika, "Niko!"

Faradji alikuwa mlangoni, kwenye kigoda, amevaa kanzu yake. Kwa mulinzi, kanzu haikukatazwa.

Saa sita watoto walipotoka, aliingia na beseni. Tablo mpya ilikuwa nyeusi ya kweli, ilinuka rangi. Ilikuwa imeandikwa a, e, i, o, u, mara nyingi, kwa mkono mzuri wa Sebahire na kwa mikono mibaya ya watoto.

"Mwalimu," akasema Sebahire, akipanga daftari zake, "leo hakuna jina la Mungu pale. Ni herufi tu. Kitambaa kikavu kinatosha, utaumiza mugongo bure."

Faradji aliloweka kitambaa. "Watoto wameshazisoma," akasema. "Mi siwezi kuzikanyaga."

Sebahire akaweka daftari chini, akaja akashika beseni upande mmoja, kwa sababu lilikuwa linayumba.

Njiani Faradji alilibeba mwenyewe, katikati ya barabara, mchana kweupe, na watu walikuwa wamekaa kwenye vibaraza vyao. Nyirasafari alimwona anakuja kutoka mbali, anatembea polepole yasimwagike. Alifungua mlango wa nyuma, akafukuza kuku ambao hawakuwa wamekaribia. Faradji alimwaga kwenye kishimo. Miaka kumi na minane mawe yale yalikuwa meusi. Sasa katikati pakabaki doa jeupe, dogo, kama maziwa yaliyomwagika.

"Wamekuitaje njiani?" akauliza Nyirasafari.

"Nani?"

"Watu."

Faradji alijifuta mikono kwenye kanzu. "Jirani Dauda amesema, asalamu aleikum, Mwalimu. Halafu akakumbuka. Akakohoa."

"Na we ukamujibu?"

"Nilimujibu salamu. Kikohozi nilimuachia."

Alikaa juu ya jiwe, mbali kidogo na kishimo, akaanza kuvua viatu. Nyirasafari alilichukua beseni. Chini yake kulikuwa bado na chaki kidogo, imeganda kwenye ukingo. Alilisuuza, na maji ya kusuuzia nayo akayamwaga palepale.